Wifi, Ulivyomwombea Yona

Mpendwa wifi,

Nimeandika "mpendwa" kwa sababu mama mkwe atasomewa barua hii huko Moshi. Usidhani hasira zimekwisha. Nimekaa kwenye meza ya kulia hapa Weston, huku ughaibuni, watoto saba wamenizunguka, mmoja anakariri jedwali la saba kwa kelele, mwingine kamwaga maziwa na anasubiri nani atayaona kwanza, na mimi nakuandikia wewe uliyelala kimya kwa mara ya kwanza tangu nikufahamu. Barua naiacha wazi makusudi. La kwangu ulilisema mbele ya wanawake arobaini, basi la kwako nalo lisomwe na yeyote mwenye macho.

Hivi unakumbuka nani alimwingiza nani kwenye kazi hii? Wewe, dada mkubwa wa mume wangu, ulitoka kwako Agincourt, upande wa pili wa jiji, na lile gari lako la mlango wa kuvuta, ukapanda ghorofa nane kwa miguu kwa sababu lifti ilikuwa imekufa, ukaingia kwangu unahema. Hata maji hujanywa, ukasema watoto hawa tumepewa sisi na ni sisi tutakaoulizwa. Nikakuambia mimi nilifeli hesabu kidato cha nne, nitamfundisha nani. Ukasema hesabu niachie mimi, wewe una sauti nzuri, wafundishe kusoma. Wiki ile ile tukaandika barua za kuiarifu bodi ya shule kwamba watoto wetu watasomea nyumbani, tukazipeleka posta pamoja, mimi nikiwa na mimba ya tano. Nilijiona kama ninafunga ndoa ya pili.

Hukuniambia ndoa hiyo ina kazi gani. Uji, ibada, vyombo, masomo, nguo, masomo tena, maharage yanaungua. Tukitaka kwenda maktaba wakati wa baridi ni mikono kumi na minne ya kutafutia glavu, na ukimaliza kumvalisha wa saba, wa kwanza anasema amebanwa na haja. Kwenye basi watu walituhesabu kwa midomo. Bibi mmoja aliniuliza kama wote ni wangu, na kwa nini hawako shuleni siku ya Jumanne. Nikamwambia hii ndiyo shule, na wewe umekalia dawati la mwanafunzi. Nilipokusimulia ulicheka mpaka ukalala kwenye zulia.

Alhamisi ndiyo ilikuwa siku yangu ya kupumua. Ulikuja na wanne wako, sebule ikawa na watoto kumi na mmoja. Wewe unafundisha hesabu mezani kwa maharage makavu, mimi nasomesha kwenye kochi, na saa saba mchana maharage yale yale tunayabandika jikoni. Watoto wakikujibu kwa Kiingereza unajifanya kiziwi mpaka waseme Kiswahili. Nilikupenda, wifi. Wenzetu walikuwa wakilalamika kanisani kuhusu mawifi zao, na mimi nakaa pale najisifu kwamba wangu ni dada wa tumbo moja.

Sasa tufike kwa Yona. Mtoto wangu wa tatu alikuwa na miaka kumi na hajui kusoma. Haya, nimeandika. Herufi alizijua moja moja, zikikaa pamoja zinamkimbia. Nilimfundisha kwa upole, nikamfundisha kwa kelele, nikamwacha mezani katikati ya somo nikaenda kulia bafuni. Wadogo zake wakampita. Na kwa kuwa ana kichwa cha kushika maneno, nikaanza kumsomea mara tatu ili akariri. Siku ya watoto kanisani alisimama na Biblia mkononi, akasema Zaburi nzima, akigeuza ukurasa pale nilipomfundisha ageuze. Nilikaa mstari wa mbele nikimtamkia kwa midomo. Watu wakapiga vigelegele, mchungaji akasema tazameni matunda ya mama anayefundisha nyumbani, na mimi nikainamisha kichwa kama mnyenyekevu.

Wewe hukupiga kigelegele. Ulikuwa umeshamjua. Hesabu ukimtamkia alijibu kabla hujamaliza, ukimwandikia kwenye karatasi alimgusa dada yake Debora kwa goti ili amnong'oneze. Ukaniita jikoni, ukafunga mlango, ukaniambia taratibu kwamba mtoto anahitaji kuonwa na mtu anayejua mambo hayo na kwamba hakuna aibu. Unaona, naliandika na hili. Nikakujibu mtoto wangu namjua mimi. Alhamisi iliyofuata ukarudia, nikakuambia mwenye wanne hawezi kumfundisha mwenye saba. Hapo ulinyamaza, na kunyamaza kwako ndiko ninakokulaumu. Ungenisumbua zaidi. Ungenitukana, ungemwambia mdogo wako, mume wangu. Mimi na wewe tulikuwa na jiko, tulikuwa na mlango wa kufunga. Wewe ukaenda kwenye simu.

Kwa wasiojua, laini ya maombi ya akina mama wa kanisa letu iko hivi: saa kumi na moja alfajiri kila mmoja anapiga namba moja akiwa kwake, anaziba sauti yake, na mwenye ombi anabonyeza ili asikike. Nilikuwa nimekuambia sitaingia kwa sababu mtoto mchanga alikuwa na homa. Homa ikashuka. Nikaingia nimechelewa, mtoto ananyonya, simu nimeibana begani, nikakuta sauti yako.

"Namleta Yona, mtoto wa wifi yangu," ulisema. "Ana miaka kumi, hajui kusoma, na mama yake anaficha. Mungu amfungue macho mama huyo."

Wanawake wakafungua sauti wakaitikia amina. Na haikuwa amina ya Yona, ilikuwa ya kwangu, nilisikia ilivyokolea. Nikabonyeza nisikike, nikasema Bwana asifiwe. Basi, hayo tu. Laini ilivyonyamaza, nilisikia friji ya mtu ikinguruma kule Markham.

Siku ile ulinipigia mara sita, sikupokea. Alhamisi ulikuja na sufuria ya pilau, nikakuacha mlango wa chini, ukasema kwenye kile kipaza sauti cha mlangoni kwamba ulikuwa unaomba tu. Eti unaomba tu! Wifi, umbea tunaujua. Unafungwa kilemba, unafumba macho, unaitwa mzigo wa maombi. Kama ulitaka Mungu asikie, Mungu hapigiwi namba ya kanisa. Ungemwambia kwenye gari lako ukiwa njiani, safari yenyewe ni ya saa nzima.

Na wenzako walichapa kazi. Mmoja alileta mafuta ya upako kwenye chupa ya dawa ya kikohozi. Mwingine aliniambia mficha maradhi kifo humuumbua. Wa tatu alisimama sebuleni kwangu akaiamuru roho ya kutosoma ishindwe, na wadogo zake Yona wanasikiliza. Hayo yote ningeyameza. Lakini Jumapili watoto walimzunguka kwenye korido ya kanisa wakamuuliza kama yeye ndiye anayeombewa. Alirudi kukaa karibu yangu, akanivuta mkono, akaniuliza kwa Kiingereza chake, "Mama, mimi naumwa nini?" Hilo, wifi, sijaweza kukusamehe. Nimejaribu kwa kufunga na kwa kuomba, bado.

Nilimpeleka kuonwa, ndiyo. Mimi na yeye peke yetu, mabasi mawili, na sikumwambia mtu hata mdogo wako mpaka tuliporudi. Mama aliyempima aliniambia si uvivu wa mtoto wala si ujinga wangu, kichwa chake kinashika herufi kwa njia nyingine, afundishwe hatua ndogo ndogo, kwa macho, kwa masikio na kwa vidole. Tukaanza upya kama mtoto wa chekechea, kila asubuhi anaandika silabi kwa kidole kwenye sinia la unga wa sembe, anazitamka, anazifuta. Miaka miwili, wifi. Ukikosewa na mwongo unapona haraka. Mimi nilikosewa na mtu aliyesema kweli, na kila silabi iliyomwingia Yona ilinikumbusha kwamba ulikuwa sahihi.

Nikajiapiza. Siku Yona atakaposoma bila kukwama, nitampandisha basi mpaka Agincourt, nitamkalisha kwenye kochi lako, nitakuambia umpe kitabu chochote unachotaka wewe. Akimaliza nitakutazama usoni niseme amina. Nilipanga mpaka gauni. Mdogo wako nilimkataza kabisa kukuambia mtoto amefikia wapi, maana nilitaka ujionee mwenyewe, ubabaike.

Halafu ukaugua. Mume wangu alikuwa anakuja kwako kila Jumapili baada ya ibada, akirudi ananiambia, "Anakuulizia." Nami namjibu, "Mwambie namwombea." Nilijua neno hilo linavyokata, ndiyo maana nililichagua. Sijui kama alikufikishia. Yona wakati huo alikuwa anamaliza nusu ukurasa, maneno marefu yanamtoa jasho. Nikasema bado kidogo. Miezi mitatu nilisema bado kidogo. Ulifariki Jumanne kabla ya saa sita mchana, na mimi nilikuwa hapa mezani nasahihisha imla yake.

Jioni yake mumeo akaja na maagizo uliyoyaacha. Wimbo huu, kitenge kile, na wasifu wa marehemu asome Yona. Si mwanao wa kwanza, si mzee wa kanisa. Yona wangu, mbele ya kanisa zima, mbele ya wale arobaini. Nikafura. Nikasema mwanamke huyu kufa amekufa, bado ananichokoza. Nilijua unataka kuniumbua mara ya pili, na safari hii umejificha mahali nisipoweza kukufuata. Nikamwambia mdogo wako akatae. Akasema kamuulize mtoto. Yona akauliza ni kurasa ngapi. Nikamwambia mbili. Akafikiri, akasema apewe mpaka Jumamosi.

Alisimama pale mbele na suti ya kaka yake, kidole chini ya mstari. Wifi, hakuna wasifu uliowahi kuchukua muda ule. Alisoma neno moja, akapumua, akasoma jingine. Jina la kijiji ulichozaliwa alilivunja vipande vinne akaviunga. Watoto wachanga walilia wakanyamazishwa wakalia tena. Alipofika pale panaposema uliwafundisha watoto wako na watoto wa wifi yako, akasimama kabisa. Nikainuka nusu kwenye kiti, midomo imeshalishika neno, tayari kumtamkia kama nilivyozoea.

Akanitazama. "Najua, Mama," alisema, kwa Kiswahili, kwenye maikrofoni.

Hakuwa amekwama. Alikuwa analia. Akajifuta kwa mkono wa suti, akarudisha kidole, akasoma mpaka mwisho. Nyuma yangu mmoja wa wale wenzako akasema maombi yamejibiwa. Nikageuka nikamtazama mpaka akaangalia viatu vyake. Maombi gani, na unga wangu wa sembe?

Lakini kule makaburini, tunapiga miguu kwa baridi, nilimuuliza mumeo kwa nini ulimtaka Yona. Alisema hukujua kama mtoto anaweza kusoma. Alikuuliza, akishindwa je? Ukamjibu akishindwa watu watasubiri. Mdogo wako alitunza siri yangu vizuri mno, hukuwa na habari ya sinia wala ya imla, na bado wasifu wako ulimkabidhi yeye. Mimi niliyemfundisha miaka miwili nilitaka kumkatalia.

Kwa hiyo sasa nina hasira mbili. Ya kwanza ni ile ya simu, na hiyo ni halali yangu, utaikuta siku tutakapoonana. Mtoto hakuwa ombi lako la kutangaza. Ya pili sijui niiweke wapi. Ningemleta. Hata na nusu ukurasa, hata akikwama kila mstari, ningempandisha lile basi akusomee ukiwa unasikia, na ungesubiri, sasa najua ungesubiri. Mimi nilikuwa nasubiri ushindi.

Wa kwanza kuomba radhi alitakiwa kuwa wewe. Umekwenda, umeniachia nianze mimi, na hilo nalo limeniudhi. Haya, naanza.

Nisamehe.

Wifi yako,
Mama Debora