Santuri Imenifuata Mazikoni

Jumamosi, Akheri

Sijui kilichonipata leo makaburini. Yaani, ninajua.

Ni ile santuri ya jazi niliyoichukua kwa fundi redio wa Ngarenaro. Wiki mbili naisikiliza. Yule Mmarekani mwenye tarumbeta hupanda juu, hujikunja, halafu hurudi kama vile hakuna aliyemwona. Leo sisi wapiga matarumbeta wa kanisa tukimpigia marehemu mzee Elia wimbo wa mwisho, ubeti wa tatu nami nikapanda. Sikukusudia. Wenzangu wote walibaki chini na wimbo.

Mwalimu wetu wa matarumbeta akanivuta pembeni.

"Baba Neema, ile ilikuwa nini?"

"Pumzi tu, mwalimu."

"Pumzi haipigi kona. Ukirudia, Pasaka utakaa na wasikilizaji."

Miaka ishirini sijakosa kupiga alfajiri ya Pasaka. Nimeogopa kweli. Na nimedanganya, tena kando ya kaburi.

Mjane akanishika mkono, akasema mzee angefurahi. Haikunisaidia, mwalimu alikuwa anatazama.

Sasa hivi nimepiga magoti kando ya kitanda nikatubu. Nilianza na uongo, toba ikaenda vizuri. Nilipofika kwenye kile kipande cha ubeti wa tatu, vidole vyangu vitatu vya kulia vilikuwa vinabonyeza shuka kama tarumbeta.