Komeo la Kanisa la Mawe

Jumamosi, 9 Oktoba 1954
Mawe ya mwisho leo! Tumeyabeba kutoka mtoni kwa kamba za kichwani, wasichana wote wa darasa letu. Kanisa letu la kwanza la Methodisti lilikuwa la udongo. Babu aliukanda kwa miguu yake, mchwa wakalila. Hili halitaliwa. Mlango na madirisha ametengeneza Baba. Jirani yetu Mama Kiende alinitania: Celina, punguza mwendo, jiwe lako litafika mbinguni kabla yetu! Jumapili ya wiki ijayo linafunguliwa, nami nitasoma zaburi.

Jumatatu, 11 Oktoba
Komeo la mlango wa kanisa limeibwa. Lile kubwa la chuma. Mwiti, mkubwa wa homgadi, askari wa serikali wa hapa kijijini, alikuja na watu wake. Alisema watu wa msituni, wale wanaopigana na Wazungu, hutafuta komeo la kupigia risasi. Wakipata na bomba la maji, bunduki tayari. Tena akasema mwizi huvunja, lakini hili limefunguliwa skrubu moja moja. Nani hapa ana bisibisi? Akamwangalia Baba. Baba akajikung'uta vumbi la mbao.

Jumatano, 13 Oktoba
Mwiti ameleta mbuzi. Kila mwenye nyumba aape juu yake kimila kwamba hakuchukua komeo, la sivyo kanisa halifunguliwi. Baba amekataa. Mmethodisti haapi kwa mbuzi! Mwiti akacheka: Elphas, wokovu wako umekuja siku nzuri.
Nilimjivunia Baba. Kisha nikaanza kufikiri. Mzee Kathuri pia alikataa, lakini kwanza aliomba Mungu kwa sauti. Baba alikataa upesi. Upesi mno.

Alhamisi, 14 Oktoba
Nimemwuliza Mama, Baba alikwenda wapi Jumapili jioni? Amesema sufuria inaungua.
Haikuwa inaungua.

Jumamosi, 16 Oktoba
Mhubiri wetu, Mwalimu Bundi, amepata njia: Wakristo waape kwa Biblia, kanisani. Mwiti amekubali. Nilifurahi — sasa yataisha, kesho nitasoma!
Kathuri aliapa. Mzee Mukiri aliapa. Ikawa zamu ya Baba. Mwalimu Bundi alimsogezea Biblia. Baba aliitazama. Mkono hakuuinua.
Mwiti akasema: Haya, mbuzi hukumtaka. Na hii je?
Baba akanigeukia. Alisema polepole, Celina, mbuzi wetu wako nje, kimbia ukawafunge.
Hatuna mbuzi. Wa mwisho tulimtoa sadaka ya mabati.
Nilikimbia nyumbani nikampa Mama ujumbe. Mama aliposikia neno mbuzi hakuuliza kitu. Alichukua jembe akaenda kwenye migomba, nyuma ya ghala. Aliniambia nikae mlangoni niimbe, wimbo wowote wa kanisa, kwa nguvu, jembe lisisikike.
Nimeimba mpaka koo limekauka. Naandika nipate kupumua kidogo. Baba hajarudi. Jembe limegonga kitu cha chuma. Mama anaita — mbona umenyamaza? Imba, Celina!