Maelezo ya Fundi Waya kuhusu Kamera ya Gari Lililoegeshwa

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: kama lilivyo kwenye kitambulisho, wengi huniita Fundi Waya. Umri: miaka 46. Kazi: fundi umeme wa magari. Makazi: nyuma ya kituo cha mafuta.

Miezi miwili iliyopita nilimfungia kamera mwenye gereji jirani yangu. Aliitaka ifanye kazi hata gari likiwa limeegeshwa, hivyo nikavuta waya moja kwa moja kutoka kwenye betri. Kamera husinzia, gari likitikiswa inaamka na kurekodi. Nilimshauri tuweke kifaa cha kukata umeme betri ikishuka. Akacheka, "Fundi, mambo mengi ya nini?"

Mnamo tarehe 14, Jumatano, saa nne na robo asubuhi, mke wake alinipigia kwamba gari haliwaki. Nilimkuta gereji, iliyokuwa imefungwa tangu Jumamosi. Alisema mumewe amesafiri kutafuta vipuri; shemeji yake, mdogo wa mumewe, ndiye aliyemwambia. Gari lilikuwa juu ya shimo la matengenezo lililofunikwa mbao, magurudumu yamekanyaga mbao hizo.

Betri ilikuwa imekauka. Nikamwambia, "Dada, kamera imeinyonya." Lakini kamera inayosinzia haimalizi betri kwa siku nne. Nikaweka kadi yake ya kumbukumbu kwenye simu yangu nione nini kilikuwa kinaiamsha.

Video zilikuwa mia mbili na kumi na moja. Nilizofungua mwanzo zote ni ukuta uleule, hakuna mtu. Gari linatikisika kidogo, kisha: ngo, ngo, ngo.

"Nani anagonga?" aliuliza.

Nikarudi kwenye ile ya kwanza, Jumamosi saa kumi na moja jioni. Shemeji yake anapita mbele ya gari, hageuki. Kabla mlango haujafungwa, sauti inatoka chini: "Mdogo wangu, usinifungie."

Dada hakulia. Alisema tu, "Huyo ni mume wangu."

Video ya mwisho ilikuwa ya Jumanne saa nane mchana. Pigo moja. Gereji sasa ilikuwa kimya kabisa.

Tulisukuma gari, nikang'oa mbao. Alikuwa hai, mguu umevunjika, ameshika nondo. Macho yalikuwa wazi ila hakutuona. Mkono ulikuwa ukipanda na kushuka, ukipiga hewa. Nadhani hakuwa ameacha kugonga. Nondo haikufika tena kwenye mbao. Mkewe aliushika kwa mikono miwili, lakini haukutulia mpaka gari la wagonjwa lilipofika.

Haya ndiyo niliyoyaona na kuyasikia mwenyewe. Nimesomewa, ni sahihi.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

Maelezo ya askari: Kadi imepokelewa kama kielelezo. Mdogo wa majeruhi yuko mahabusu. Shahidi aliniuliza mara mbili kama chini ya chumba hiki kuna kitu. Nilimjibu hakuna.