Unyayo wa Baba Kwenye Saruji

Mama, shikamoo. Huku Biharamulo hatujambo, maharage yamechanua.

Ile picha niliyopiga nyumbani Kanazi, ya sakafu ya saruji tunapoanikia kahawa, nimeitandaza kwenye kompyuta kwa kuirudia kipande kwa kipande, ikawa uwanja wa nyumba ya wageni ninayoichora. Huwezi kuona ilipoungwa! Ila nilisahau kufuta unyayo wa marehemu Baba, aliouacha saruji ikiwa mbichi. Ukajirudia uwanja mzima. Mteja alicheka sana: "Huyu mzee anatafuta nini?"

Nimezifuta nyayo zote, nikabakiza mmoja mlangoni, unaelekea ndani.

Kaka Rogasian mwambie asiivunje ile sakafu. Kwenye kompyuta naweza kumrudisha Baba nitakavyo. Hapo nyumbani alikanyaga mara moja tu.

Mwanao anayekukumbuka,
Joyceline