Baba Amekutaja kwa Wafaransa

Mama yangu,

Nnakuandikia nikiwa jikoni kwako, hapa hapa Al Amerat, na Baba amelala baada ya Adhuhuri. Anakoroma. Usicheke. Tangu ulipotutoka sijamsikia akikoroma, na leo nimekaa namsikiliza kama mtu aliyefungua redio.

Sikutaka kukuandikia mapema kwa sababu sikuwa na la kheri la kukwambia. Baba alikuwa hali chakula. Kahawa na tende mbili, basi, "nimeshiba." Wageni walipokuja kutupa pole walimwambia subira, naye akaitika tu. Jina lako hakulitaja hata mara moja tangu siku ya maziko. Akisema "marehemu," au "yule." Kisha juzi juzi akaniambia, "Mie kazi yangu imekwisha, Rayya." Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa. Mama, niliingiwa na khofu ambayo sikumwambia mtu.

Sofi unamkumbuka? Yule Mfaransa ninayefanya naye kazi kliniki, aliyekuja kukuangalia ulipoumwa mgongo, ukamwambia mikono yake ina nguvu kama ya mwanamme. Yeye na mumewe Paskali walikodi nyumba Yiti, ufukweni kabisa, kwa ile likizo ya sikukuu ya taifa iliyoungana na Ijumaa. Akaniambia, "Njoo, na baba yako umlete."

Baba aliposikia! "Mie nikalale kwa Wafaransa? Wanilishe konokono?" Nikamwambia hakuna konokono, hakuna pombe mezani, Sofi ameniahidi. Akakataa. Nikamwambia basi na mie siendi. Hapo akanitazama, akaenda kutoa kanzu.

Siku ya kwanza alikaa barazani kwao kama mtu anayesubiri zamu hospitali. Kilichomshangaza ni Paskali. Paskali ndiye anayepika katika nyumba ile. Alivaa aproni, akakata vitunguu, akapika supu, akapakua, akaosha vyombo, na Sofi ameinua miguu kitini anasoma. Baba akaniambia kwa Kiswahili, mbele yao, "Masikini, huyu mke wake mgonjwa?" Nikasema si mgonjwa, ndivyo walivyo. Akaguna. Lakini supu aliimaliza, Mama. Nilijifanya sioni.

Asubuhi yake tukasali Alfajiri pamoja, akasema anarudi kujilaza. Jua lilipopanda nikampelekea chai. Kitanda kitupu. Simu iko juu ya mto, na mlango wa upande wa bahari umeachwa wazi.

Sijui nilipiga kelele namna gani. Paskali alitoka mbio bila viatu, akaenda upande wa majabali. Sofi akanishika mkono tukaenda upande wa pili. Sikuweza kuyatazama maji. Nilitazama mchanga tu, nikitafuta nyayo zake, na lile neno lake la kazi imekwisha likinizunguka kichwani. Nilikuomba wewe, astaghfirullah, badala ya kumwomba Mungu. "Mama, usimchukue. Bado."

Halafu nikamwona. Anatoka kwenye mashua za wavuvi, anakuja polepole, pindo la kanzu limerowa, mkononi samaki wawili, changu, wamefungwa kwa kamba.

"Mbona mmetoka kama nyumba inaungua?" akauliza.

"Baba, simu umeiacha!"

"Mvuvi hapigiwi simu. Nimemwendea."

Nikakaa chini pale pale mchangani, nikalia mpaka nikacheka. Yeye akasimama juu yangu na samaki wake, hajui afanye nini.

Tuliporudi alikwenda moja kwa moja kwa Paskali, akamwambia kwa Kiingereza chake cha ofisini kwamba leo jiko ni lake. Baba! Ambaye maisha yake yote hata yai hakuvunja! Wakawasha makaa. Akawasugua wale samaki kwa chumvi, akasita, akanigeukia.

"Rayya, Zuwena alikuwa akitia ndimu kabla ya kuchoma, au baada?"

Zuwena. Kalitaja jina lako hivyo hivyo, kama uko chumba cha pili.

"Kabla, Baba," nikasema. "Ndimu na kitunguu thomu, kisha akiwaacha kidogo."

Upande mmoja wa samaki uliungua. Tui la kuwapaka lilikatika. Tukala, na Paskali akauliza, "Zuwena ni nani?"

Nnafikiri hapo ndipo palipofunguka. Kwetu hapa kila mtu alikujua, kwa hiyo hapana aliyemuuliza. Wale hawakukujua, ikabidi awahadithie tangu mwanzo. Akawaambia ulivyomkataa mara ya kwanza kwa sababu anatembea kama askari. Ulivyoimba ukifua. Ulivyomkasirikia akinunua mapapai mabichi. Akacheka, na katikati ya kucheka machozi yakamtoka, na hakuyaficha. Wale hawakumwambia subira. Paskali alimsogezea tu glasi ya maji, na Sofi akauliza, "Halafu ikawaje?" Naye akaendelea.

Tulikaa mpaka Jumamosi. Njiani kurudi, tulipokwisha kuivuka milima, akasema, "Nipitishe kwa mama yako." Hajawahi kuja kaburini tangu siku ya maziko, unajua. Kila nilipomwambia alipata udhuru. Nikasimamisha gari nje ya makaburi, mie nikabaki ndani. Nilimwona anatembea, anatafuta, anafika, anachutama. Midomo ikenda. Alikaa muda mrefu hata jua likahamia upande wangu. Sijui alikwambia nini, na sitamuuliza. Hayo ni yenu.

Aliporudi alijipangusa kanzu, akaingia garini, akafunga mkanda, akasema, "Mchana tule nini?"

Sasa nikuache, Mama. Bado nnakulilia, usidhani nimesahau, lakini ule mzigo wa khofu nimeutua. Nnakuahidi hili: katika nyumba hii hatutakuita tena marehemu. Tutakuita Zuwena, na tutakuita Mama, kwa sauti, wageni wawepo wasiwepo. Mungu akupe nafasi pana na kivuli kizuri huko uliko.

Mwanao,
Rayya