Mgeni Amekataa Kutoka Hemani

Tata,

Hema umeliacha jipya. Nimelisimamisha leo kwenye nyasi mbele ya nyumba, pale Mama anapoanika mahindi, na Mgeni, mbwa wako, amekataa kutoka ndani yake. Nakuandikia nikiwa nimekaa mlangoni pa hema, mgongo wangu ukimgusa. Kaburini siwezi. Nikifika pale, maneno yote yananikauka.

Unakumbuka ilivyoanza? Nilikuja likizo kutoka Mosocho, nikakuonyesha kwenye simu picha ya watu waliopiga kambi kando ya ziwa milimani, mbwa wao kalala karibu na moto. Uliitazama sana. Ukaniuliza, "Na huyo mbwa alipanda gari?" Wewe baba yangu, uliyechuma chai hapa Magwagwa maisha yako yote, ambaye hukuwahi kulala nje isipokuwa matangani, ukaanza kunipigia kila jioni kuuliza habari za ziwa.

Tukatafuta kila mahali. Hifadhini mbwa haruhusiwi. Kwingine wakasema aachwe langoni, nawe ukasema, "Basi wabaki na ziwa lao." Mpaka tukampata yule mama wa Nyandarua mwenye shamba kando ya maji, aliyesema mbwa aje tu, mradi afungwe kamba asisumbue kondoo. Ulivyofurahi, Tata! Kesho yake ukaanza kumfundisha Mgeni kutembea na kamba katikati ya mistari ya chai. Majirani walisimama wakacheka, mzee mzima anatembeza mbwa. Hukujali. Ukaenda Kisii mjini ukanunua hema, ukasema tutalisimamisha nyumbani kwanza, Mgeni alizoee.

Hatukulisimamisha. Ulianguka shambani, kikapu kikiwa bado mgongoni. Kaka Obara alipokupakia kwenye pikapu ya jirani kukupeleka hospitali ya Nyamira, Mgeni aliikimbiza mpaka barabara ya lami, akabaki pale akitazama ilikoelekea. Ukarudi ndani ya jeneza. Alilinusa, Tata. Kila mtu aliona.

Tangu hapo hali kitu. Nampa ugali na supu, nampa maziwa, anageuza uso. Alfajiri anaenda kaburini kulia, na Mama anajifunika mto masikioni. Mbavu zimemtoka. Namtazama akiisha, nami naisha, na hakuna ninaloweza. Unanisikia? Hakuna. Nimeomba kanisani mpaka sina tena la kumwambia Mungu.

Wiki iliyopita yule mama wa Nyandarua alipiga simu. "Bado mnakuja?" Nikasema ndiyo. "Mko wawili na mbwa?" Nikasema tuko wawili na mbwa. Sikuweza, Tata. Kusema niko peke yangu ingekuwa kukuzika mara ya pili. Nilikata simu, nikaenda nyuma ya jikoni, nikauma leso nisisikike.

Obara si mtu mbaya, unamjua. Alisema kilio cha mbwa huyu kitamuua Mama, na kwamba amepata mtu wa Kiogoro anayetaka mbwa wa kulinda duka. Tuligombana, hakusikia. Mtu mwenyewe amekuja leo mchana na mnyororo. Mimi nilikuwa nimelisimamisha hema asubuhi, sijui hata kwa nini, mikono tu ilitaka kazi. Mgeni alipouona mnyororo akaingia hemani. Yule mtu akainama amvute. Nikapiga kelele mpaka sauti ikapasuka. Obara akanishika mkono.

Ndipo Mama akatoka. Alikuwa hajatoka nje mchana tangu tukuzike. Akapita katikati yetu, akaketi hapa hapa nilipokaa, akanyoosha miguu, akamwambia yule mtu taratibu, "Mwanangu, rudi na mnyororo wako. Huyu ana safari."

Obara alilia, Tata. Siku ya mazishi hakulia.

Mtu alipoondoka, Mama akaniuliza, "Huko ziwani ni baridi?" Nikamwambia ni baridi sana. Akasema basi atachukua kabuti lako. Nikampigia yule mama wa Nyandarua, nikamweleza kwamba umekufa. Ni mara yangu ya kwanza kulisema neno hilo. Akasema, "Njooni hivyo hivyo mlivyo."

Usidhani nimepata nafuu. Bakuli la maziwa liko hapa na halijaguswa. Naogopa Mgeni hatafika Jumapili, siku ya safari. Naogopa zaidi kwamba tutafika, tutayaona maji, nawe hutakuwepo pale pia, na sitabakiwa na pengine pa kukutafuta.

Lala, Tata yangu. Nakuahidi hili tu, kwa kuwa ndilo ninaloliweza. Jumapili Mgeni atapanda gari hata kama itabidi nimbebe. Na akinifia njiani, kichwa chake kitakuwa mapajani mwangu.

Binti yako,
Kemunto