Nafasi Yangu ya Chuo na Joho Lako la Kukodi

Duka la Dobi, chumba cha nyuma,
Jumatatu, tarehe 14, asubuhi.

Mpendwa Kaka Mkubwa,

Nafasi yangu katika chuo cha fedha ilipotea Ijumaa iliyopita saa nne asubuhi, na aliyeipoteza ni wewe. Nimelitanguliza hilo ili usilifikie ukiwa umeshachoka na salamu.

Sasa shikamoo. Hiyo ni ya umri wako tu. U hali gani? Mgongo je? Wifi hajambo, na watoto wanaendelea na shule? Huku sisi wazima. Mguu wa Mama umepona, anapanda ngazi mwenyewe na kulalamika mwenyewe. Mashine yangu ya tatu ya kufulia imefika, na ile hoteli ya karibu na stendi imenipa shuka zake zote. Nakueleza kwa sababu hujawahi kuuliza.

Tuje kwenye Ijumaa. Unaijua nyumba yetu ilivyo. Tangu Baba afariki, swali lolote la mtu wa nje hujibiwa na wewe. Ukaenda mbali, mazoea yakabaki. Msoma mita akiuliza ufunguo wa geti uko wapi, Mama anamwambia, "Ngoja tumpigie Kaka Mkubwa," na ufunguo unaning'inia nyuma ya mlango. Basi nilipoomba kuhama kutoka chuo cha uhazili kwenda chuo cha fedha, Mama akachukua kalamu, akaandika jina lako na namba yako palipotakiwa mdhamini. Ada nalipa mimi. Mdhamini ni mtu wa kupokea simu na kusema ndiyo.

Msajili akakupigia. Hukusema ndiyo.

Msajili ni mama mtu mzima, hana muda wa kunitania. Aliponiita ofisini akafunga mlango kwanza, nikajua kuna jambo. "Binti, kaka yako anasema hesabu huziwezi. Eti ulikuwa unahesabia mpaka vidole vya miguu." Nikamwambia nilikuwa na miaka sita. Akasema, "Na mimi nilidhani ni utani wa ndugu, maana alikuwa anacheka. Nikamuuliza tena. Akasema mrudisheni uhazili, hiyo ndiyo saizi yake."

Saizi yangu! Uhazili ulinichagulia wewe, Kaka, kwa simu, nimesimama jikoni na ndoo mkononi. Mwaka mzima nimepiga chapa barua za watu wengine. Udobi huu nilianza na pasi moja ya mkaa. Nilipoona shuka nyeupe zinanitia hasara kila mwezi, hakuna aliyenifundisha la kufanya. Nilipima maji, nikapima sabuni, nikapima umeme, nikaacha kutoza kwa idadi nikaanza kutoza kwa kilo, na walionuna ni wateja wawili tu. Lakini benki bado wananiambia nirudi na mtu anayeelewa mambo ya fedha. Nataka huyo mtu niwe mimi. Kwenye usaili wa chuo nilikuwa wa pili kati ya watu hamsini na mmoja.

Na usaili wenyewe ndio ulionikutanisha na rafiki yako wa zamani. Ni mwalimu pale, ana kipara na kicheko cha puani. Alisoma jina la ukoo wetu, akaniangalia pua, akasema, "Wewe si mdogo wake yule tuliyemwita Mhasibu?" Nikaitika, nikajivuna kidogo. Akafurahi, akasema mlilala chumba kimoja hapohapo chuoni. Kisha akasema, "Maskini, hakumaliza hata mwaka. Hesabu za riba zilimtesa yule. Alirudia mtihani, akarudia tena, siku moja tukaamka amekunja godoro. Siku hizi anafanya nini?" Aliuliza kwa wema kabisa. Anakusalimu.

Niliporudi nyumbani niliitazama picha yako ya joho pale sebuleni. Joho la kukodi, Kaka. Hata mikono imekupita. Mama huifuta vumbi kila asubuhi kabla hajanywa chai, na mbele ya wageni bado anakuita Mhasibu.

Sikumwambia. Nilikuonea huruma, na huruma yenyewe iliisha Ijumaa.

Na kwa kuwa tumeshaanza kuambiana ukweli, zile simu zako za Jumapili Mama hukuweka kwenye spika juu ya meza ya kupigia pasi, sisi tunaendelea kukunja shuka. Ukifika kwenye nasaha, Mjomba anatuonyesha kwa vidole dakika zilizobaki, na hakosei. Kitanda chako nilikiuza. Chumba chako kina nguo zinazosubiri wenyewe. Hakuna anayekuchukia. Tumekuzoea tu, kama redio ya jirani.

Hukumjibu msajili vile kwa kuogopa kwamba nitashindwa. Ungeogopa hilo ungenipigia mimi. Uliogopa nitaketi kwenye kiti kilichokutupa, na sitaanguka.

Sasa sikiliza. Chuo hakipokei mdhamini wa pili ikiwa wa kwanza amekataa, na hakimpokei anayehama akishaanza mwaka wa pili. Mimi mwaka wa pili wa uhazili naanza mwezi ujao, kwa hiyo mwakani hakuna. Msajili amefuta jina langu lakini hajaandika la mtu mwingine. Atasubiri mpaka Alhamisi saa sita mchana, kwa sharti kwamba umpigie wewe mwenyewe, kwa mdomo uleule, umwambie ulikosea. Namba yake iko nyuma ya bahasha. Safari hii usicheke.

Barua nampa dereva wa basi la saa mbili, itakufikia kesho jioni. Nimeandika kwa sababu kwenye simu unanikatiza.

Msalimie sana Wifi, mwambie blauzi yake ile ya madoa imetakata. Wanangu wabusu wote, na yule mdogo mwambie shangazi amemwekea zawadi. Mama anakusalimu. Mjomba pia, kwa vidole vitano. Mungu akupe afya, akunyooshee mgongo na ulimi.

Alhamisi saa sita ikipita nitamuuliza msajili. Akiniambia hukupiga, picha naishusha mimi mwenyewe, na Mama akiniuliza kwa nini ukuta uko wazi, nitamjibu mpaka mwisho. Sitaki maelezo. Ukishamaliza kusoma hapa, nitumie neno moja kwenye simu: utampigia, au hutampigia?

Mdogo wako, ambaye bado anakupenda na hilo linamuudhi,
Dobi.